Jiji Lenye Akili Lipimwe Kayole

Nawasalimu wasikilizaji mlio nyumbani mkisubiri chakula kiive, nawasalimu mnaofunga vibanda, na kwa namna ya pekee nawasalimu mlio ndani ya matatu pale Jogoo Road, matatu ambayo haijasonga tangu City Stadium. Nyinyi ndio hasa niliowakusudia leo. Muda wa kunisikiliza mnao.

Mada yetu ni kupima jiji. Mara kwa mara tunasikia kwamba majiji ya dunia yamepangwa kwa akili zao: hili la kwanza, lile la kumi, na letu liko huko chini, limepanda ngazi mbili au limeshuka tatu. Tukipanda, wakubwa huitisha waandishi wa habari. Tukishuka, simu hazishikwi. Mimi nina maswali matatu, na nitayarudia hadi myashike kwa moyo. Aliyepima alihesabu nini? Alimuuliza nani? Na aliposema Nairobi, alifika Kayole?

Tuanze na orodha moja inayojulikana sana. Kule Lausanne, Uswisi, kuna chuo cha biashara kinaitwa IMD. Tangu mwaka 2019 chuo hicho, kikishirikiana mwanzoni na chuo kikuu kimoja cha teknolojia cha Singapore, kimekuwa kikitoa orodha ya majiji yenye akili. Miaka ya mwanzo Singapore ndiyo iliyoongoza, baadaye Zurich ikachukua kiti. Nairobi imo kwenye orodha hiyo, na makao yake yamekuwa upande wa chini.

Sasa, wanapima vipi? Wanawauliza wakazi wenyewe. Hilo mimi nalipenda, maana wapimaji wengi huishia kwenye ofisi za serikali. Lakini hebu sikilizeni baadhi ya maswali yao. Je, programu za simu zinazokuelekeza penye nafasi ya kuegesha gari zimepunguza muda wako wa safari? Je, baiskeli za kukodi zimepunguza msongamano? Nakuuliza wewe ndugu yangu wa mtaa wa Pipeline. Unaishi penye maghorofa yaliyobanana hadi jua la saa sita linaingia uchochoroni kwa kubahatisha. Mkokoteni wa maji ukiingia, watu wanasimama kando ukutani. Programu ya kukutafutia maegesho imekupunguzia dakika ngapi?

Msicheke sana, kwa sababu orodha hiyo hiyo ina maswali mazuri pia. Wanauliza kama huduma za msingi za usafi zinatosheleza maeneo yaliyo maskini zaidi. Na wanauliza jambo lingine, ambalo nawaomba mliweke kando kwa sasa, tutalirudia: je, mkazi akiripoti uharibifu kupitia mtandao, suluhisho linakuja haraka? Hilo ni swali la maana. Lingekuwa ndilo swali la kwanza, mimi ningenyamaza.

Tatizo lipo kwa wanaoulizwa. Katika kila jiji wamekuwa wakiuliza watu wapatao 120. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu wakazi wa Nairobi zaidi ya milioni 4 na laki 3. Sisemi watu 120 hawawezi kusema ukweli. Wataalamu wa takwimu wana njia zao na nawaheshimu. Ninachouliza ni hiki: katika hao 120, wangapi wanaishi Lavington ya matajiri, na wangapi wanaishi Umoja? Na majibu yao yakichanganywa yakawa alama moja, alama hiyo inamhusu nani?

Mwalimu akitangaza kwamba wastani wa darasa ni hamsini, anaweza kuwa na darasa ambalo kila mtoto amepata karibu na hamsini. Anaweza pia kuwa na darasa ambalo nusu wamepata tisini na nusu wamepata kumi. Wastani ni ule ule. Mzazi wa mtoto wa alama kumi akiambiwa darasa liko hamsini, ameambiwa nini? Hivyo ndivyo Nairobi inavyotangazwa. Alama ya jiji zima inatoka, na ndani yake Eastlands, mitaa yetu ya mashariki kama Kayole na Umoja, haionekani.

Na Eastlands, wasikilizaji, haijaanza kupimwa leo. Wakati wa mkoloni walikuwapo waliokuwa wakiihesabu, na walichohesabu ni vitanda. Kibarua mmoja, kitanda kimoja. Mwanamume alitakiwa mjini kwa kazi ya reli au ya manispaa, na mkewe na watoto walitarajiwa kubaki mashambani. Mwaka 1948 ulipotolewa ule mpango mkuu wa Nairobi, jalada lenyewe liliuita mpango wa mji mkuu wa kikoloni. Hawakuficha. Hata hivyo, katika miaka hiyo hiyo ya 1940 ilijengwa Kaloleni, kwa mtindo wa mitaa ya bustani, nyumba za familia, miti, na ukumbi wa jamii katikati. Ule ukumbi ukaja kuwa mahali pa siasa. Wazee wetu waliuita bunge, na Waafrika waliokuwa wakidai uhuru walizungumza humo. Nambieni, kipimo cha vitanda kingeuona ukumbi ule? Ni kipimo gani kingeandika kwamba katika mtaa huu watu wanakusanyika jioni na kubishana juu ya serikali yao? Mpimaji huona alichotumwa kukiona.

Basi turudi kwenye miaka yetu. Mwaka 2014, na tena mwaka 2015, shirika moja la New York linaloitwa Intelligent Community Forum liliiweka Nairobi kwenye orodha yake ya jamii 21 zenye akili duniani. Magazeti yakaandika kwamba sisi ndio jiji lenye akili kuliko yote Afrika. Nakumbuka watu wakiulizana stegini: ni Nairobi gani hiyo? Tuwe wa haki lakini. Waliotupa heshima ile walitazama intaneti ya kasi, vijana wanaounda programu, na M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu ambayo ilizaliwa hapa mwaka 2007 na dunia nzima ikaja kujifunza. Vitu hivyo vilikuwapo kweli.

Mwaka huo huo wa 2014, serikali iliagiza kwamba abiria wa matatu waache kulipa pesa taslimu, walipe kwa kadi. Julai ndiyo ilikuwa tarehe ya mwisho, kisha ikasogezwa. Kadi zilikuwa za kila rangi. Hata Google ilikuwa imeshirikiana na benki ya Equity kutoa ya kwao, BebaPay, mwaka uliotangulia. Mtu wa kuhesabu vifaa angeandika ripoti nzuri sana mwaka ule: mashine ngapi zimefungwa, kadi ngapi zimegawiwa, teknolojia imeingia. Na ripoti yake ingekuwa ya kweli kabisa.

Ziko wapi kadi hizo leo?

Zilikufa kwa sababu waliozileta hawakuelewa pesa ya matatu inavyotembea. Dereva na makanga wanakula pesa ya siku hiyo hiyo. Kuna hesabu ya mwenye gari jioni, kuna mafuta mchana, kuna jamaa wa stegi. Nauli yenyewe haitulii: mvua ikinyesha saa kumi na moja jioni, hamsini inakuwa mia, na mashine ya kadi haijui mvua. Lakini angalieni ajabu. Leo hii, bila ya agizo la mtu yeyote, abiria wengi wanamlipa makanga kwa M-Pesa. Akili ilikuwapo. Iliingia kwa mlango wake yenyewe, na waliokuwa wakihesabu kadi hawakuwa mlangoni.

Kwa hiyo nasema, na nitarudia: kuhesabu vifaa si kupima jiji. Mwaka huo wa 2014 kampuni ya simu ya Safaricom ilipewa kazi ya kufunga mtandao wa usalama, pamoja na kamera zipatazo 1,800 Nairobi na Mombasa. Nendeni pia mkazitazame taa za barabarani kwenye makutano makubwa. Zinawaka vizuri kabisa, nyekundu, njano, kijani. Na chini yake amesimama afisa wa trafiki anapunga mkono, magari yanapita kwenye nyekundu na kusimama kwenye kijani. Anayehesabu vifaa ataandika kamera na taa. Ataandika pia mita za umeme za tokeni, maana hata shirika la viwango la kimataifa, ISO, lilipotoa viwango vyake vya majiji yenye akili mwaka 2019, ISO 37122, liliweka humo asilimia ya majengo yenye mita za kisasa za umeme na za maji. Kwa hesabu ya tokeni, ploti nyingi za Kayole zinaweza kujisifu. Mnanunua umeme kwa simu mkiwa mmelala. Lakini transfoma ikilipuka Ijumaa jioni, mnakaa gizani hadi lini? Hapo mita haisemi kitu.

Na hapo ndipo nilipotaka kuwafikisha. Kama mngenipa mimi kazi ya kupima akili ya jiji katika nchi kama yetu, ningeshika kipimo kimoja kabla ya vingine vyote: muda. Muda kati ya tatizo na jibu. Ndilo lile swali la kuripoti uharibifu nililowaomba mliweke kando. Tangu mkazi alipojua, hadi jiji lilipojua. Tangu jiji lilipojua, hadi mtu alipofika. Na ningeupima mtaa kwa mtaa, Buruburu peke yake, Dandora peke yake, Kileleshwa peke yake, kisha nizipange karatasi hizo mezani bila kuzichanganya.

Tuchukue maji. Kampuni ya maji ya Nairobi hutoa ratiba ya mgao. Mtaa huu siku hii, mtaa ule siku ile. Wengi wanaiona ratiba hiyo kama ushahidi wa kushindwa, kwamba jiji halina maji ya kutosha. Ni kweli halina. Lakini ratiba ni kitu kizuri sana kwa mpimaji, kwa sababu ni ahadi iliyoandikwa. Mama wa Umoja anajua maji huja usiku wa siku fulani. Halali. Anatega sikio kwenye mfereji, na ukianza kukoroma anaamka, anajaza mapipa, ndoo, sufuria, hata beseni la mtoto. Yasipokuja, asubuhi anamngoja mwenye mkokoteni na kununua mtungi wa lita 20 kwa shilingi ishirini, au hamsini kiangazi kikikaza. Sasa niulize: katika kila siku kumi zilizoahidiwa, maji yalitoka siku ngapi? Na siku ambayo hayakutoka, kuna mtu aliyemwambia kabla?

Kulipima hilo hakuhitaji setilaiti. Kunahitaji kalenda ya ukutani na kalamu. Mnajua kwa nini orodha za Ulaya haziulizi? Kwa sababu Zurich hakuna mtu anayekaa macho akingoja mfereji. Swali haliwezi kuwajia. Kwa hiyo ni sisi tunaopaswa kuliuliza, na tukisubiri watuulizie wao tutaendelea kuulizwa habari za maegesho.

Mwaka 2015 kule Mathare zilifunguliwa mashine za kuuza maji kwa kadi, watu wakaziita ATM za maji. Kampuni ya maji ya jiji ilishirikiana na Grundfos ya Denmark. Mtungi wa lita 20 ukawa nusu shilingi. Picha zilizunguka dunia nzima, na mimi sizidharau, maana mtu aliyezoea kulipa mara kumi au zaidi ya bei hiyo anajua tofauti. Lakini kipimo changu ni kile kile. Msiniambie mashine ni ngapi. Niambieni ikiharibika Jumatatu, inatengenezwa lini, na nani ana namba ya simu inayoshikwa.

Sasa naomba mnivumilie, maana ninafika kwenye jambo zito.

Usiku wa tarehe 29 Aprili mwaka 2016, mvua ilikuwa imenyesha sana, na kule Huruma likaanguka jengo la makazi la ghorofa. Waliofariki walikuwa takriban watu 50. Mnakumbuka siku zile. Waokoaji walichimba kwa siku nyingi, na siku kadhaa baadaye walimtoa mtoto mchanga akiwa hai, nchi nzima ikalia. Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alifika pale. Kisha tukaambiwa jambo ambalo halijaniondoka kichwani: jengo lile lilikuwa tayari limeorodheshwa kwamba si salama, libomolewe.

Nirudie. Jiji lilikuwa linajua.

Fikirini jambo hilo pamoja na habari zote za kompyuta na kamera na vitambuzi. Watu wanaouza teknolojia ya majiji wanatuambia kwamba shida yetu ni kukosa taarifa. Tukifunga vifaa vya kutosha, jiji litaona, na likiona litatenda. Huruma taarifa ilikuwapo. Iliandikwa. Ilikuwa kwenye faili ya mtu. Kati ya faili ile na vyumba vile vilivyojaa familia, ni nini kilichokosekana? Hakikukosekana kifaa. Zilipita siku, na katika siku hizo hakuna aliyepanda ngazi kuwaambia watu ukweli na kuwaonyesha mahali pa kwenda. Na mpangaji mwenyewe, hata kama ameiona alama ya X ya kubomolewa iliyopakwa ukutani, rangi ile haimpi amana ya kupanga kwingine. Atafanya nini? Atalala palepale, kwa sababu kodi ya mwezi ameshalipa.

Kwa hiyo kwenye karatasi yangu ya kupimia ningeweka mstari mmoja wa majengo, nao ungeuliza hivi: tangu jengo litangazwe kuwa hatari hadi mtu wa mwisho ahamishwe salama, ni siku ngapi? Ukiniletea jiji ambalo jibu lake ni siku mbili, sitakuuliza lina kamera ngapi. Hata likitumia daftari na baiskeli, nitalipa alama.

Hebu tupumue kidogo. Nawaletea habari njema, kwa sababu mtadhani nimekuja kulalamika tu.

Kuna wakati jiji hili lilipimwa vizuri, na lilipimwa ndani ya matatu. Kabla ya hapo, ukiomba ramani ya njia zote za matatu za Nairobi, hakuna ofisi ambayo ingekupa. Jiji la mamilioni linasafiri kila siku, na njia zake zimo vichwani mwa madereva na makanga tu. Kuanzia mwaka 2012, Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na Columbia na MIT za Marekani na kampuni ndogo iitwayo Groupshot, wakaanza mradi wa Digital Matatus. Walifanyaje? Vijana wanafunzi walipanda matatu. Basi. Walikaa kwenye kiti na simu mkononi, simu inarekodi njia, na gari likisimama kushusha abiria wanaandika jina la pale mahali, jina linalosemwa na watu wenyewe. Mwezi Januari mwaka 2014 ikatoka ramani ya njia zaidi ya 130, za rangi mbalimbali, nzuri kama zile za treni za London. Mwaka 2015 njia hizo zikaingia kwenye Google Maps.

Ukiitazama ramani ile unaona kitu ambacho kila mkazi wa Eastlands alikuwa anakijua miguuni. Njia karibu zote zinakimbilia katikati ya mji. Ukitaka kutoka mtaa mmoja wa pembeni kwenda mwingine, hata kama unauona paa lake, mara nyingi unapanda hadi mjini, unashuka, unatembea kati ya Muthurwa na Railways ukishika mfuko, unapanda tena. Nauli mara mbili, saa mbili zimekwenda. Wakazi walikuwa wakilisema hilo miaka yote, na lilihesabiwa kuwa malalamiko. Lilipochorwa likawa ushahidi ambao mpangaji wa barabara hawezi kuukunja na kuutia mfukoni. Na gharama yake? Simu, nauli, na vijana wenye subira ya kukaa kwenye foleni.

Nimekaa sana kwenye habari hii kwa makusudi. Wapimaji walikuwa ni watu wanaopanda. Walihesabu kitu kinachotumika, wakakiita kwa jina ambalo watumiaji wanakiita, na matokeo yakarudishwa kwa wote bila malipo.

Dandora nako kuna la kusema. Mtaa ule ulianza miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia: mtu anapewa kiwanja na huduma za msingi, ajenge mwenyewe polepole. Jirani yake pakawekwa lile dampo linalojulikana hadi ng'ambo, ambalo lilitangazwa kujaa mwaka 2001 na magari ya taka bado yanaingia. Kwa miaka, Dandora ilipimwa kwa dampo na kwa uhalifu, hayo mawili tu. Kisha vijana wa Dandora Transformation League wakaanzisha shindano, Changing Faces: makundi yanachukua nyua zilizoachwa zikawa jaa, yanasafisha, yanapanda miti na maua, yanapaka rangi, halafu yanashindanishwa. Shindano, wasikilizaji, ni kipimo. Kina waamuzi, kina kabla na baada. Tofauti ni kwamba Dandora ilishindana na Dandora, uwanja huu na ule, mwaka huu na mwaka jana. Mtu hakuulizwa anaifikiaje Singapore.

Nadhani kwa jiji la nchi kama yetu huo ndio mwendo wa busara. Kayole ya mwaka huu ilinganishwe na Kayole ya mwaka jana. Kisha ilinganishwe na Karen, maana zote zina gavana mmoja na bajeti moja, na hapo ndipo mazungumzo yanapokuwa moto. Kulinganishwa na Zurich kunawafaa sana viongozi, kwa sababu hakuna mtu atakayewalaumu kwa kushindwa na Zurich.

Mtaniuliza: ndugu mtangazaji, yote hayo ni mazuri, lakini nani atapima? Kule Gigiri, ng'ambo ya jiji letu hili hili, ndiko makao makuu ya shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat. Mwezi Juni mwaka 2023 mataifa yalikutana hapo yakakubaliana uandaliwe mwongozo wa kimataifa wa majiji yenye akili yanayomweka mtu mbele. Kutoka Gigiri hadi Dandora si safari ya ndege. Natumaini walioandaa mwongozo huo walipata nafasi ya kuvuka Thika Road. Lakini mimi sitawaambia mngoje mwongozo huo uwafikie.

Tuna sheria ya kwetu ambayo ndani yake kipimo cha muda kimeshaandikwa, na wengi wetu hatujui. Ni Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, iliyotokana na kifungu cha 35 cha Katiba. Inasema raia akiomba habari kutoka ofisi ya umma, ajibiwe mapema iwezekanavyo na isizidi siku 21. Siku ishirini na moja. Na kama habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48.

Mmesikia hapo? Saa arobaini na nane. Kama unaishi kwenye ghorofa na una shaka na nyufa za ukuta, unaweza kuiandikia kaunti na kuuliza: jengo hili lilikaguliwa lini, na matokeo yalikuwa nini? Hilo linahusu uhai. Barua unaweza kuiandika kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, sheria yenyewe inasema hivyo. Asiyejua kuandika ana haki ya kusaidiwa na afisa. Na hulazimiki kueleza sababu ya kuuliza. Ukinyimwa, au siku zikapita kimya, unapeleka malalamiko kwa ofisi ya Ombudsman.

Sasa tujaribu jambo pamoja, sisi wa kipindi hiki. Kila ploti itafute mtu mmoja mwenye mwandiko unaosomeka. Aweke karatasi nyuma ya mlango. Aandike siku ambayo maji yaliahidiwa na siku yalipotoka. Aandike umeme ulipopotea, saa simu ilipopigwa, na saa umeme uliporudi. Taka zilichukuliwa lini. Asiongeze chumvi, siku nzuri nazo ziandikwe, kwa sababu karatasi yenye malalamiko matupu haitaaminiwa na mtu. Mjumbe wa nyumba kumi azikusanye, na kikao cha wananchi cha bajeti ya kaunti kikiitishwa, zipelekwe huko na kusomwa kwa sauti. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka hutakiwa kufika katika bunge la kaunti ifikapo tarehe mosi Septemba, kwa hiyo anayetaka kusikika asingoje Desemba.

Na wewe unayetaka kuandika ile barua ya jengo, anza hivi: jina lako, mahali lilipo jengo, na namba ya ploti kama unaijua. Kisha maswali mawili tu. Lilikaguliwa lini? Mkaguzi alisema nini? Andika tarehe juu, peleka mwenyewe, na usiondoke kaunta kabla nakala yako haijagongwa muhuri, kwa maana muhuri ule ndio unaoanzisha saa. Mtakaojibiwa, na mtakaonyamaziwa, tupigieni. Juma lijalo saa kama hii tutasoma majibu hewani, mtaa kwa mtaa, pamoja na idadi ya saa zilizopita. Kwa sasa naona foleni ya Jogoo Road imeanza kusonga. Kwaherini.